Ngoma Isiyovuja

Mwezi uliopita nilikaa saa nzima kwenye benchi nje ya ofisi moja mjini Mansa, nikisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Barabarani vibarua walikuwa wanaziba mashimo, pipa la lami likichemka juu ya kuni, na moshi wake ukaingia dirishani. Nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali yote niliyoweza kuyawaza, pamoja na majibu ya maswali ambayo yangezaliwa na majibu hayo. Harufu ya lami ikayafuta yote. Jina langu lilipotajwa nilikuwa mtoto wa miaka minane, kichwa changu kiko ndani ya ngoma ya baba. Kazi sikuipata. Nimefikiri sana kama nilishindwa kwa sababu ya lami au kwa sababu yangu mwenyewe, na kwa kuwa kufikiri hakujanifikisha popote, naandika.

Baba yangu alikuwa fundi wa boti za mbao. Nilimwita Papa, kama watoto wote wa ng'ambo, kwa maana nilizaliwa Kilwa, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru. Mama alikuwa mtu wa Nchelenge, ukingo wa pili wa ziwa hilohilo. Mama yake alipoanza kuugua, tulipakia vyombo vyetu na sanduku la zana za Papa kwenye boti ya wafanyabiashara wa samaki, tukavuka. Kule nilimwacha nyanya yangu mzaa baba, ambaye nililala kitandani kwake tangu nilipoachishwa ziwa, na rafiki yangu Feza. Nililiacha pia jiwe moja la kufulia ambalo mimi na Feza tulikuwa tumekubaliana kwamba ni letu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuhama. Sikutegemea kuulizwa, lakini nililitambua hilo.

Ninyi mliokua kando ya ziwa lile wakati ule mnakumbuka Kashikishi, ufuko wa Nchelenge tulikofikia, ilivyokuwa: chisense, dagaa wetu, wametandazwa mchangani mpaka huoni pa kukanyaga, wanawake wakiwafukuza kuku na watoto kwa tawi lilelile. Papa alipewa kipande cha ufuko pembeni ya uwanja wa samaki. Akajenga kibanda, akapanga mbao zake za mulombwa, ule mti mwekundu unaotoa utomvu kama damu, akasubiri. Watu walikuja. Waligonga mbao kwa vifundo vya vidole, wakasifu, wakaondoka. Miezi mitatu ikapita bila mtu kuagiza hata boti moja. Mama alikuwa anatulisha kwa kukausha samaki wa watu wengine.

Ndipo akaja Ba Chanda; "Ba" ni neno la heshima la huko. Alikuwa mzee wa kanisa letu na mwenye nyavu nyingi kuliko mtu yeyote pale ufukoni. Alizunguka kibanda mara mbili, mikono nyuma, wavuvi wanne wakimfuata kama vifaranga.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo, "minasikia unajua kufunga mbao."

"Njo kazi yangu, Ba Chanda."

"Bon. Kanisa letu mpya tunalifungua kisha wiki tatu. Ngoma ya zamani mchwa wameikula. Utengenezee batu ngoma. Nikiona ngoma yako, nitajua bwato yako. Minatafuta bwato mbili." Bwato kwao ni boti.

"Na nikishindwa?"

Ba Chanda alitazama ziwa. "Ukishindwa, mukwai," alisema, akitumia neno lao la adabu, "ile njia ulikuja nayo haijafungwa."

Wavuvi wakacheka, na Papa akacheka nao. Jioni hakula. Alimwambia Mama, mimi nikiwa hapohapo nikichezea mkaa, kwamba mambo sasa yako wazi: ngoma ikikubaliwa tunabaki, ikikataliwa tunarudi Kilwa. Mama akasema, "Basi, Fundi, tengeneza ngoma." Nilikuwa nimesikia neno moja tu katika mazungumzo yote, nalo ni Kilwa.

Kwa kawaida ngoma haipatikani kwa wiki tatu. Unakata gogo msituni, unalikwangua ndani kwa tezo mpaka libaki ganda, unaliweka kivulini miezi likauke polepole, la sivyo litapasuka. Ukimaliza, chini linabaki wazi kama mdomo. Ndivyo zilivyokuwa ngoma zote tulizozijua, za huku na za ng'ambo. Papa hakuwa na gogo kavu, ila alikuwa na mbao kavu. Akaamua kuujenga mzinga wa ngoma kama anavyojenga boti, ubao kwa ubao.

Habari zikamfikia Ba Mwape, mama mnene mwenye sauti nyembamba, aliyepiga ngoma kanisani Jumapili na kwenye unyago wa wasichana siku zilizobaki. Akaja kujionea.

"Iwe, wewe Fundi! Ngoma inachongwa. Haishonwi kama kiatu."

"Mama, ngoma zenu zinavuja."

"Zinafanya nini?"

"Zinavuja. Angalia chini: wazi kabisa! Sauti yote inakimbilia mu udongo. Miye nitafunga chini. Yote itatoka juu, ku ngozi."

Ba Mwape alinigeukia mimi. "Mutoto, papa yako aliangukiwa na mti?"

Sasa, nikiwa mtu mzima niliyesoma, naelewa kwamba Papa hakuwa mjinga. Maisha yake yote yalikuwa kazi ya kuzuia tundu. Alikuwa amewazika watu kwa sababu ya tundu lisilozidi punje ya mahindi, kwenye boti walizoziunda watu wengine. Mtu kama huyo akiona chombo kiko wazi chini, anaona uzembe wa fundi. Hawezi kuona kitu kingine.

Alizikunja mbao kwa mvuke, akazisimamisha duara, akazifunga ndani kwa mataruma, zile mbavu zinazoshika ubavu wa boti, sita zote, nene kama mkono wangu. Chini akapiga kitako cha mbao mbili. Katika kila mshono akagongea pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa, kwa patasi butu, kisha akapaka lami ndani yote, mara moja, na ilipokauka akapaka tena. Kujaribu kazi yake, aliujaza mzinga maji ya ziwa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akauacha tangu machweo hadi asubuhi. Karatasi haikupata hata tone. Alimwaga maji, akainua ile karatasi kavu akamwonyesha Mama kama mtu anayeonyesha cheti.

Ngozi ilikuwa iwambwe kesho yake. Alasiri hiyo Papa alikwenda kuichukua kwa mchinjaji, nami nikabaki na ule mzinga. Ulikuwa unanifika kifuani. Nilichungulia, nikaingiza kichwa, halafu mabega. Ndani kulikuwa na giza lenye harufu kali ya lami, na pumzi yangu ilinirudia usoni kana kwamba kuna mtoto mwingine amekaa mle, ananitazama. Watu wazima walikuwa wakisema kila mara kwamba ngoma nzuri ina sauti ndani. Mimi niliamini ni kweli kabisa, kwamba sauti huwekwa ndani, kama mtu anavyoweka unga debeni, kisha ngozi inafungwa juu. Nikajiuliza Papa ataweka sauti gani, na saa ngapi. Nikaona nafasi ni hii, haitarudi. Nikasema taratibu, nikikazia kila neno: "Nataka turudi kwetu."

Kesho yake Papa akaiwamba ngozi, akapigilia vigingi pande zote. Maneno yangu yakabaki mle.

Jumamosi kwaya ilikusanyika kwenye kanisa jipya ambalo bado lilikuwa linanuka udongo mbichi. Papa na mvuvi mmoja waliibeba ngoma kwa mti, kwa maana ilikuwa nzito kama mtu. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mbao nyekundu zilizokutana bila nafasi ya ukucha. Hata Ba Mwape alipitisha kiganja ubavuni mwake, akaguna kwa heshima. Kisha akapiga.

Nimesikia sauti nyingi mbaya tangu siku ile, lakini hakuna iliyonikaa mwilini kama ile. Haikuvuma. Ilisema *dap*, fupi na kavu, kama mtu amepiga gunia la mihogo. Ba Mwape akapiga tena, kwa kiganja, kwa vidole, kwa fimbo, katikati na ukingoni. *Dap. Dap.* Ngozi ilikuwa inakataa kushuka, kana kwamba kuna mtu ndani anaisukuma juu kwa mabega.

"Mayo, mama yangu," alisema Ba Mwape. "Fundi, umetuletea sanduku ya mufu."

"Na mufu eko ndani," akasema mmoja wa sauti nene nyuma. "Minasikia anakataa kutoka."

Kwaya ikavunjika mbavu. Papa alitabasamu, akasema ngozi bado mbichi. Ba Chanda hakucheka. Aligusa mishono kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akasema polepole, "Mbao mingi, Fundi. Mti moja unasema na sauti moja. Hii miti yako kumi na nne inabishana." Nikaona kwamba haongei habari za ngoma tena, anaongea habari za boti. "Jumapili ya kufungua, wiki ijayo, kama haiseme, tutaazima ngoma ku kanisa ya Mofwe. Na bwato pia nitatafuta kwa wengine."

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Ngozi. Mishono. Mti kukatwa mwezi mbaya. Mimi peke yangu nilijua sababu. Ngoma ilikuwa imenisikia. Niliiambia nataka turudi, nayo ikaziba mdomo ili turudi.

Mngedhani nilifurahi. Kwa siku moja nilijaribu. Nililala nikimpanga nyanya yangu mlangoni, nikampanga Feza juu ya jiwe. Lakini Papa alikuwa anaisogeza ngoma karibu na moto, anagonga, anasikiliza, anakaza vigingi, anagonga tena. Pale ufukoni wavuvi wakimwona walikuwa wanajipiga vifua, *dap, dap*, wakikohoa. Jumatatu nilimkuta amekaa chini kibandani, anapangusa zana zake kwa kitambaa chenye mafuta: randa, tezo, patasi, keekee ya kutobolea. Anazirudisha sandukuni moja moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anazipangusa kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto nguo za safari. Mama alikuwa amesimama nje na ungo mkononi, hapepeti.

Nilitaka Kilwa. Lakini sikutaka turudi Kilwa namna ile, Papa akishuka kwenye boti ya watu huku anajua, na watu wanajua. Tena sikujua kama neno lililofungiwa linaweza kukua. Leo limeziba ngoma, kesho je?

Jumanne mchana Papa alikwenda kuulizia boti ya kutuvusha, Mama akaenda kugeuza samaki. Nikaburuta ngoma, nikailaza ubavu, nikaibana baina ya ukuta na miguu yangu. Nikafungua sanduku, nikatoa keekee. Nilifikiri kwanza. Nilikuwa nimesema maneno matatu: je, yanahitaji matundu matatu? Nikaamua kwamba maneno niliyasema kwa mstari, basi yatatoka kwa mstari, tundu moja latosha. Je, majirani watayasikia yakitoka? Nikatazama njia. Hapakuwa na mtu. Nikaiweka keekee ubavuni, karibu na kitako, nikaiegemeza kifua, nikazungusha.

Mulombwa ni mti mgumu. Unga mwekundu ulianguka magotini pangu kidogo kidogo, mkono ukaniwaka, machozi na kamasi vikachanganyika. Nilikuwa najua ninachofanya: natoboa kazi ambayo baba yangu aliifunga kwa wiki mbili. Halafu keekee ikazama ghafla, nikaangukia ngoma kwa kidevu. Nilipoichomoa, tundu likanipumulia harufu ya lami usoni. Nikaweka sikio nisikie maneno yangu yakitoka. Sikusikia kitu. Nikawaza labda yameshapita nikiwa naanguka. Ili kuhakikisha, nikaisukuma ngoma kwa mgongo mpaka ikasimama, nikapiga ngozi kwa kiganja.

Ikavuma.

Haikuvuma sana, bado ilikuwa na kikohozi, lakini chini ya kikohozi kulikuwa na kitu kirefu, kinene, kilichotoka tunduni na kunigusa mguu kama upepo. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Sikumsikia Papa akija. Alikuwa amekimbia kutoka njiani, na niligeuka nikamkuta anahema juu yangu.

"Nani amepiga?"

Halafu akaona unga mwekundu. Akaona tundu. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona maji miguuni katikati ya ziwa.

"Umetoboa! Umetoboa bwato yangu!"

Mkono ulikuwa juu tayari. Nilifumba macho, nikingoja. Nilingoja mpaka nikafumbua. Mkono ulikuwa bado juu, lakini yeye alikuwa anaitazama ngoma, kichwa kimeinama upande.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga. Akapiga magoti, akaziba tundu kwa kidole gumba. "Piga." *Dap.* Akaondoa kidole. "Piga." Ikavuma. Akaziba. *Dap.* Akafungua. Ikavuma. Tulifanya hivyo mara nyingi, nadhani zaidi ya ishirini, yeye anaziba na kufungua kama mtoto anayechezea mlango, na mimi kiganja kinaniuma lakini sithubutu kusema.

"Hewa," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ilikosa pa kwenda. Minaifunga hewa mu sanduku, halafu minaiambia iimbe." Akanitazama. "Mama," aliniita hivyo siku zote, kama baba wengi wa kwetu, "juu ya nini umetoboa?"

"Nilikuwa nimesema kitu ndani. Kabla ya ngozi. Nilitaka kitoke."

"Kitu gani?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Kitu tu."

Angeweza kunilazimisha. Alikaa kidogo, akivuta unga mwekundu kwa kidole mchangani, kisha akasimama na kung'oa kigingi cha kwanza.

Siku mbili zilizofuata alikuwa kama mtu anayejipasua mwenyewe. Alikwangua lami yote aliyoipaka, kwa sababu, alisema, sasa anaisikia inavyokaba mti, kama blanketi juu ya mdomo. Mataruma manne kati ya sita akayatoa. Kuta akazipiga randa kwa ndani mpaka zikawa nyembamba kama ukingo wa sahani, akigonga na kusikiliza, akigonga na kusikiliza, na kila ubao alioupunguza ulijibu kwa sauti ya chini zaidi. Mwisho akashika msumeno mdogo, akakigeuza kitako juu. Hapo alisimama. Nilihesabu pumzi zake. Kutoa lami na mbavu ni kitu kimoja. Kukata kitako cha chombo ulichokifunga mwenyewe ni kingine. Mama alikuja akasimama karibu naye. Papa akakata duara, pana kama bakuli. Alhamisi jioni ngozi ikarudi juu, na Ijumaa na Jumamosi jua likamaliza kazi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ba Mwape aliinamisha ngoma kabla ya kupiga, akachungulia chini, akamtafuta Papa kwa macho kati ya wanaume.

"Eh, Fundi! Sasa inavuja."

"Inavuja, mama," akasema Papa, mbele ya watu wote.

Akapiga. Sitajaribu kuandika sauti ile kwa herufi. Ilipita sakafuni, ikapanda kwenye benchi, nikaihisi mifupani kabla ya kuisikia. Ba Mwape mwenyewe alisita, akacheka peke yake, kisha akaanza kazi kwa dhati, na kwaya ikamfuata. Sikuimba. Nilikuwa namwangalia Ba Chanda. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Ibada ilipokwisha alimshika Papa kiwiko pale mlangoni, mbele ya walewale wavuvi wanne.

"Bwato mbili," alisema. "Na shemeji yangu ku Nchelenge anataka moja. Utaanza lini?"

"Kesho."

"Lakini hizo usizitoboe, mukwai!"

Wavuvi wakacheka, na safari hii Papa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alipiga vigelegele, akanikumbatia kwa nguvu, akakimbia kwenda kumwambia mama yake mgonjwa kwamba hatuondoki.

Boti tatu. Nilijua boti moja humchukua Papa muda gani. Nilijumlisha pale pale mlangoni, na nilipofika mwisho wa hesabu nilikuwa msichana mkubwa, na Feza amepata rafiki mwingine wa kukaa naye juu ya jiwe. Na nyanya yangu alikuwa mzee. Nikaacha kuhesabu, kwa sababu watu walikuwa wanampa Papa mkono na alihitaji nisimame pale.

Tulirudi nyumbani sisi wawili kwa njia ya ufukoni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na siku za namna hiyo hewa inasafika mpaka unaona milima ya ng'ambo, ya buluu, na ukijua pa kutazama, moshi wa Kilwa. Papa alikuwa anatembea upande wa maji. Alisimama mara moja, kama anatoa mchanga kwenye kiatu, lakini hakuinama; alikuwa anatazama kulekule.

"Uko na furaha, mama?" aliniuliza.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Na weye?"

"Miye pia."

Alijibu upesi mno, kama nilivyojibu mimi. Kisha akanipa mkono wake, ukiwa bado mweusi wa lami kwenye kucha, tukaenda tukitazama mbele.